Wa Kwanza Kuweka Kidole Gumba

Usiku mmoja, yapata saa tatu na nusu, binti aliyejiunga na grupu letu la watafsiri miezi michache tu iliyopita aliandika ujumbe mrefu kidogo. Alianza kwa "Shikamooni wakubwa zangu," akaomba radhi kwa kuuliza usiku, kisha akaeleza kwamba siku hizi akipata kazi kubwa, hasa miongozo ya mashine na mikataba, rasimu ya kwanza anaipitisha kwenye akili mnemba, halafu anakaa siku mbili tatu akiinyoosha sentensi kwa sentensi. Alitaka kujua kama kuna mwenzake anayefanya hivyo, na kama yupo, mteja anamwambiaje.

Jibu la kwanza lilitoka kwa mzee tunayemheshimu sote, mtu aliyetufunza wengi wetu kazi hii. "Hiyo si tafsiri, mwanangu. Huo ni uvivu." Basi. Chini ya ujumbe wake kikatokea kidole gumba, kikafuata cha pili, cha tatu, kisha moyo mwekundu. "Umenena, mwalimu." "Nakazia." "Hapo umemaliza kila kitu, mzee wetu." Kabla ya saa nne vidole vilikuwa 19. Nilipoichungulia simu kwa mara ya mwisho kabla ya kulala, mahali palipokuwa na swali la binti palisomeka kwamba ujumbe umefutwa.

Kesho yake watu watatu waliniandikia pembeni. Wote watatu wanatumia chombo kile kile alichokitaja binti, na kwa namna ile ile. Wawili kati yao vidole gumba vyao vilikuwa miongoni mwa vile 19. "Mimi natumia tangu mwaka jana," mmoja aliniambia, "ila pale ungesemaje?" Sikuwa na jibu, kwa sababu na mimi nilikuwa nimenyamaza. Jambo lile lilinikaa kooni siku nyingi. Swali lilikuwa la kikazi, lilikuwa la haki, na wenye majibu walikuwa humo humo ndani.

Kilichotokea usiku ule kina historia ndefu katika sayansi, na historia hiyo inaanzia kwenye meza ya chakula. Solomon Asch alizaliwa Warsaw, Poland, mwaka 1907. Akiwa na miaka saba hivi aliruhusiwa kukesha na wakubwa usiku wa sikukuu ya Pasaka ya Kiyahudi. Akamwona bibi yake anamimina glasi ya ziada ya divai ambayo hakuna mtu aliyeigusa. Akauliza ni ya nani. Mjomba wake akamjibu ni ya Nabii Eliya, akamwambia aikazie macho vizuri, ataona divai inapungua. Mtoto akakodoa macho, na kweli akaona imepungua kidogo.

Mtoto yule alihamia Marekani, akasoma, akawa mwanasaikolojia, na mwanzoni mwa miaka ya 1950, akifundisha katika chuo cha Swarthmore jimboni Pennsylvania, akalirudia jambo la glasi kwa njia inayopimika. Aliwaita wanafunzi wa kiume wa vyuo, mmoja mmoja, akiwaambia wanakuja kupimwa uwezo wa macho. Kijana akiingia anakuta wenzake saba hivi wameshakaa. Hajui kwamba hao wote wamepangwa. Anapewa kiti cha karibu na mwisho. Mbele zinawekwa kadi mbili: moja ina mstari mmoja, nyingine ina mistari mitatu ya urefu tofauti, na kazi ni kutaja kwa sauti upi kati ya mitatu unalingana na ule mmoja. Ni kazi nyepesi kama kutofautisha kijiko cha chai na mwiko wa ugali. Raundi ya kwanza wote wanajibu sawa. Ya pili vilevile. Raundi ya tatu, wa kwanza anataja mstari ambao waziwazi sio. Wa pili anautaja huo huo. Wa tatu, wa nne, wa tano. Kijana anasogea mbele, anakunja uso, anaitazama kadi upya, anatabasamu tabasamu lisilo na raha. Zamu yake inafika.

Watu walioachwa peke yao na kadi zile walikosea chini ya mara 1 katika 100. Mbele ya kundi, walikosea pamoja na kundi karibu mara 37 katika kila 100. Robo tatu ya vijana walilifuata kundi angalau mara moja. Robo iliyobaki haikuyumba hata mara moja. Na kundi lenyewe halikuhitaji kuwa kubwa: mpinzani mmoja peke yake hakumtikisa mtu, wawili walimtikisa kidogo, watatu walitosha kuleta karibu nguvu yote. Kuongeza watu baada ya hapo hakukubadilisha sana.

Nikisoma tarakimu hizo nawaona wale 19 wa grupu letu kwa jicho jingine. Wale 16 wa mwisho hawakuwa na kazi kubwa ya kufanya. Kazi ilikwisha kwenye kidole cha tatu.

Asch mwenyewe, lakini, hakutaka tumkumbuke kwa kusema kwamba binadamu ni kondoo. Alitilia mkazo kwamba karibu theluthi mbili ya majibu yalikuwa ya kweli licha ya shinikizo lote lile, na akaandika mengi kuhusu waliosimama imara. Vitabu vingi vimeliacha hilo vikabeba upande mmoja tu. Naona amedhulumiwa, na sisi tumedhulumiwa pamoja naye, kwa sababu tumeambiwa habari za udhaifu wetu tukanyimwa habari za nguvu yetu.

Mwaka 1955 watafiti wengine wawili, Morton Deutsch na Harold Gerard, waliligawa jambo hili mahali ambapo naona ndipo penyewe. Kuna kufuata mkumbo kwa kuamini: sijui njia, wengi wanapita kushoto, bila shaka wanaijua, na mimi napita kushoto. Kuna kufuata mkumbo kwa kuogopa: njia naijua, ni kulia, lakini sitaki kuonekana wa ajabu, basi kushoto. Kwa nje mtu wa kwanza na wa pili wanafanana kabisa. Wote wameweka kidole gumba. Ndani mmoja amejifunza kitu, mwingine amejificha. Lugha yetu inasema wengi wape, na katika kugawana nyama au kupanga tarehe ya harusi ni ushauri mzuri sana. Urefu wa mstari, hata hivyo, haugawanywi kwa kura.

Na hili si la Wamarekani peke yao. Mwaka 1996 Rod Bond na Peter Smith walikusanya tafiti 133 za aina ya Asch kutoka nchi 17. Kufuata mkumbo kulionekana kote, na kulikuwa na nguvu zaidi katika jamii zinazotanguliza kundi kuliko mtu mmoja mmoja. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo tunaweza kulisoma hilo tukajilaumu. Mimi silaumu heshima. Babu yangu, kikao cha ukoo kikiitishwa, alikuwa anaketi kimya akikuna ndevu mpaka kijana wa mwisho aseme lake, ndipo afungue kinywa. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni uchovu wa uzee. Kumbe alijua kwamba akitangulia kusema yeye, kikao kimekwisha. Kwenye simu hakuna utaratibu huo. Anayetangulia ni yule ambaye simu yake iko mkononi, na akiwa ndiye mkubwa wa grupu, mjadala umefungwa kabla haujafunguliwa.

Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha jaribio linaloonyesha jinsi kitu kidogo kinavyotosha. Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walitumia tovuti moja ambako wasomaji hupigia kura maoni ya wenzao, juu au chini. Kwa miezi mitano, katika maoni 101,281, walichagua mengine kwa bahati nasibu wakayapa kura moja ya juu mara tu yalipowekwa. Kura moja tu, isiyotokana na ubora wowote. Msomaji wa kwanza aliyekutana na maoni hayo alikuwa na uwezekano wa asilimia 32 zaidi wa kuongeza kura ya juu, na mwisho wa safari alama zake zilikuwa juu kwa asilimia 25 kuliko za yale ambayo hayakuguswa. Kura ya uongo ya chini ilikuwa na tabia tofauti: wasomaji wengine waliisahihisha. Sifa ya bure hakuna aliyeisahihisha. Ilibaki, ikazaa.

Hasira nayo hufunzwa hivyo hivyo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, William Brady na Molly Crockett wakiwemo, walipitia machapisho milioni 12.7 ya watumiaji 7,331 wa Twitter. Aliyeonyesha ghadhabu akapata kupendwa na kusambazwa, siku zilizofuata aliongeza ghadhabu. La kushangaza zaidi ni kwamba waliojifunza haraka somo hilo walikuwa watu wa makundi ya wastani, wale wapole. Wakali tayari walikuwa wakali, hawakuhitaji kufundishwa.

Sasa ongeza akili mnemba juu ya yote hayo. Hapa kuna aibu ya pekee, nayo imepimwa. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha majaribio manne yaliyohusisha watu zaidi ya 4,400. Waliofikiria kwamba wametumia akili mnemba kazini walitarajia kuonekana wavivu, wasio na uwezo, watu wa kubadilishwa kirahisi, na hawakupenda bosi wala wenzao wajue. Je, hofu hiyo ilikuwa ya kujitungia? Hapana. Watazamaji walipoelezwa habari za mfanyakazi aliyesaidiwa na akili mnemba, kweli walimwona mvivu kuliko yule aliyesaidiwa na binadamu mwenzake kwa kazi ile ile. Lakini waamuzi ambao wenyewe wanatumia chombo hicho walikuwa wapole, na pale ilipoonekana wazi kwamba chombo kinafaa kwa kazi yenyewe, hukumu ilipungua.

Basi binti yetu hakuwa mwoga asiye na sababu. Neno alilotupiwa, uvivu, ndilo lile lile walilolikuta watafiti.

Hata jina tunalokiita chombo hiki linabeba hukumu. Kuna wanaosema akili mnemba, kuna wanaosema akili unde, kuna wanaosema akili bandia. Unde linatokana na kuunda, halina ugomvi na mtu. Lakini bandia ni neno la noti bandia, dawa bandia, cheti bandia. Anayeuliza "je, nitumie akili bandia kazini?" ameshajibiwa na swali lake mwenyewe. Majina yana nguvu hiyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, Brian Porter na Edouard Machery waliwapa watu 1,634 mashairi ya washairi wakubwa wa Kiingereza pamoja na mengine yaliyotungwa na ChatGPT kwa kuwaiga. Wasomaji walipatia ni lipi la nani mara 46.6 tu katika 100, yaani chini ya mtu anayerusha shilingi. Lakini katika jaribio jingine, shairi likiandikwa juu yake kwamba ni la mashine, alama zilishuka. Kilichopimwa na msomaji kilikuwa jina lililobandikwa.

Kuna watu waliodhani dawa ya mkumbo ni kubomoa jengo lenyewe na kujenga jingine. Mwaka 2016 kijana wa Ujerumani, Eugen Rochko, alitoa programu inayoitwa Mastodon. Ukitaka kuielewa, fikiria laini za simu. Mwenye Airtel anampigia mwenye Vodacom bila tatizo, kila kampuni ina mitambo yake, hakuna anayemiliki simu zote za dunia. Mastodon ni hivyo: maelfu ya seva, kila moja na mwenyewe, na kanuni zake, na msimamizi wake, lakini watu wa seva mbalimbali wanasomana na kujibizana. Mwaka 2018 kanuni ya mawasiliano inayoziunganisha, ActivityPub, ilipitishwa na shirika linalosimamia viwango vya wavuti duniani. Wakenya wana neno zuri kwa jambo la namna hii, ugatuzi, wanalolijua tangu Katiba ya 2010 iliyozaa kaunti 47. Hii ni mitandao iliyogatuliwa. Oktoba 2022 Elon Musk aliponunua Twitter kwa dola bilioni 44, watu wengi walihamia huko wakitafuta mahali pasipo na tajiri mmoja mwenye rimoti. Wengine baadaye walikwenda Bluesky, mtandao mwingine wenye nia kama hiyo, uliofungua milango kwa kila mtu Februari 2024.

Nia ni njema na mimi naiunga mkono. Mastodon haina mtambo unaokuchagulia cha kusoma ili ukasirike. Unaona walichoandika unaowafuata, kwa mpangilio wa saa. Ukikosana na msimamizi unaweza kuhamia seva nyingine na wafuasi wako wakakufuata. Hayo si mambo madogo. Lakini walichogatua ni mitambo. Woga wa kuonekana wa ajabu haukai kwenye seva ya mtu yeyote, kwa hiyo haukugatuliwa. Naweza kusema hata zaidi: katika kijiji kidogo macho yanaonana vizuri kuliko mjini. Msimamizi wa seva akiikata seva nyingine, wakazi wote wa pande mbili wanapotezana, na hakuna anayetaka kuwa chanzo cha seva yake kukatwa. Juni 2023, habari zilipoenea kwamba kampuni ya Meta inaleta mtandao wake wa Threads na itauunganisha na ulimwengu huo wa seva, mamia ya wasimamizi walitia saini ahadi ya kuizuia hata kabla haijazinduliwa. Walikuwa na sababu nzito za kutoiamini kampuni ile. Ila kwa mkazi wa kawaida wa seva ndogo aliyetaka kuuliza tu, "jamani, hebu tungoje tuone," ule haukuwa wakati wa kuuliza.

Katika mitandao hii akili mnemba ndiyo mada inayowasha moto upesi kuliko nyingi. Novemba 2024, Bluesky ilipokuwa imefurika wahamiaji na kuvuka watu milioni 20, mfanyakazi mmoja wa Hugging Face, kampuni ya akili mnemba, alikusanya machapisho milioni moja ya wazi kutoka mtandao huo, akayaweka hadharani ili watafiti wayatumie. Machapisho hayo yalikuwa yanaonekana na kila mtu, kwa sababu ndivyo mtandao uliogatuliwa ulivyojengwa: mlango wazi. Lakini waandishi wake hawakuulizwa. Ghadhabu ilimshukia kwa ujumbe mwingi, mwingine wa maana, mwingine wa matusi na vitisho. Aliuondoa mkusanyo ule, akaomba radhi kwamba amekiuka uwazi na ridhaa.

Kilichofuata ndicho ninachokifikiria kila mara. Watu wengine, wasio na nia ya kuomba radhi, wakaweka mikusanyo mikubwa zaidi, wengine kwa makusudi kabisa ya kuwakera waliokasirika. Aliyesikia alipigwa. Wasiosikia hawakupata jeraha. Mkumbo una udhaifu huo: unamuumiza anayejali watu wanasema nini juu yake, na asiyejali unampita kama mvua inavyompita bata.

Nisieleweke vibaya. Kusema kwamba watu wanafuata mkumbo si kusema kwamba mkumbo umekosea. Wasanii ambao picha zao zilichotwa kufundisha mashine bila idhini wana haki ya kukasirika, na seva zao zina haki ya kupiga marufuku picha za mashine. Ridhaa ni kitu cha kweli. Mwaka 2025 Mastodon ilipoandika kwenye kanuni mpya ilizozipendekeza kwa seva zake kwamba ni marufuku kuchota machapisho kufunza mashine, ilikuwa inajibu kilio cha kweli. Na sisi wa Afrika Mashariki tuna kilio chetu. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Kenya waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa ndio waliosoma maandishi ya ubakaji, ukatili na mateso, saa baada ya saa, ili ChatGPT ijifunze kutoyatema. Anayesema hataki kukigusa chombo kile kwa sababu ya watu wale, mimi namvulia kofia.

Lakini huyo ametoa sababu. Sababu unaweza kuishika, ukaigeuza, ukaipima, ukaikubali au ukaikataa. "Huo ni uvivu" na vidole 19 huwezi kuvipima. Na mkumbo huu hauvumi upande mmoja. Pita kwenye magrupu ya wafanyabiashara wa mtandaoni, pita kwenye semina za maofisini: huko anayeuliza kama data za wateja ziko salama ndiye anayeambiwa ameachwa nyuma na dunia. Huko kidole gumba kinakwenda kwa anayesema akili mnemba itafanya kila kitu. Woga ni ule ule.

Anayekimbia grupu akaenda kuiuliza mashine yenyewe asidhani amepata mwamuzi. Mashine hizi zimefundishwa kwa kupimwa na watu, na watu wanapenda kukubaliwa. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ililazimika kuondoa toleo jipya la ChatGPT ndani ya siku chache kwa sababu lilikuwa linamsifia mtumiaji kupita kiasi, hata kwa mawazo mabovu. Hilo ni kundi la Asch lililogeuzwa kichwa chini: wote chumbani wanakubaliana na wewe, na mstari bado haulingani.

Ninapopata matumaini ni kwenye sehemu ya kazi ya Asch ambayo haisimuliwi sana. Alibadilisha kitu kimoja tu. Kati ya wale waliopangwa, alimweka mmoja atoe jibu la kweli. Mmoja tu, mgeni, asiyemjua kijana wala kumtetea. Makosa yakaporomoka hadi robo ya yale ya mwanzo. Akajaribu tena, safari hii yule mmoja akapangwa akosee, ila akosee tofauti na kundi. Bado vijana walipata nguvu ya kusema walichokiona. Kwa maana nyingine, hawakuhitaji mtu wa kuwaonyesha jibu. Macho yao yalikuwa yanaliona. Walichohitaji ni ushahidi kwamba mtu anaweza kutofautiana na kundi na dari lisianguke. Na pale Asch alipomruhusu mtu aandike jibu kwenye karatasi badala ya kulitamka, shinikizo lilishuka vilevile.

Kwa grupu la WhatsApp maana yake ni mambo ya kawaida kabisa. Kura ya mle mle ndani kwa kawaida si ya siri. Inaonyesha nani kachagua nini, na aliyeibuni huenda hakumfikiria binti wa miezi michache mbele ya mwalimu wa walimu. Fomu isiyoomba jina ni bora. Ni vizuri pia wakubwa wazuie kidole kwa saa moja, wadogo watangulie, kama alivyofanya babu yangu. Lakini kubwa kuliko yote ni yule mmoja wa pili.

Siku ya tisa baada ya usiku ule niliandika kwenye grupu. Nilisema mimi natumia akili mnemba kwa miongozo na mikataba, siitumii kwa fasihi wala kwa mashairi, na mteja namwambia kabla sijaanza. Mikono ilinitetemeka kidogo kama ya mtu anayetaka kukopa. Ndani ya saa moja wanne walisema nao hufanya hivyo, wakiwemo wawili wa vile vidole. Mmoja alieleza kwa nini hatatumia kamwe, akagusia wale wafanyakazi wa Kenya, na maneno yake yalinifanya nifikiri upya kuhusu mambo kadhaa. Mzee alikawia. Jioni akaandika mstari mmoja: "Na siri za mteja zilizomo kwenye huo mkataba, zinakwenda wapi mkishazitia humo?"

Hilo ndilo swali bora lililopata kuulizwa kwenye grupu letu tangu nijiunge. Tulikesha nalo, na bado hatujalimaliza. Lilikuwa kichwani mwa mzee tangu usiku wa kwanza, pengine, na lingemsaidia binti kuliko jambo jingine lolote. Binti alikuwa ameshaondoka kwenye grupu siku nne kabla.

Ndugu msomaji, katika grupu lako, iwe la ukoo, la kazi, la kanisa au la msikiti, kuna siku mtu mdogo atauliza swali la kweli na vidole vitaanza kupanda juu ya jibu la kumnyamazisha. Ukijua kwamba na wewe unafanya anachokifanya, au unajiuliza anachojiuliza, usimwandikie pembeni. Mwandikie pale pale, usiku ule ule, kabla hajafuta.